Mafuta Meusi ya Nguzo

Bukavu, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kutoka huku mjini. Miguu yako bado inakuwasha? Usishangae katekista anayekusomea barua hii akikwama. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa. Na kabla hajaendelea, nakusihi: ile chupa ya mafuta meusi niliyokutumia, usijipake tena.

Wewe mwenyewe ulinikabidhi kwa yaya Bahati, mkubwa wangu, mtoto wako wa kwanza, kapita anayesimamia wafanyakazi wa uwanja wa nguzo za umeme. Miaka kumi na moja nimezipaka nguzo mafuta hayo ili mchwa wasizile, mikono mitupu, jua likinichoma. Yaya alivaa glavu; sisi tulidhani ni heshima ya kapita, kama kofia yake. Ngozi ilipotuwasha, akasema mafuta yenyewe ni dawa ya upele. Basi tukajipaka, tena tukagombania yaliyobaki chini ya pipa. Mimi mjinga nikakujazia chupa.

Kisha kikatokea kidonda mgongoni mwa mkono, hakiponi. Hospitalini daktari aliniuliza, "Papa, unatumikaka kazi gani?" Nilipomweleza, alikitazama tena kidonda. Akasema ni kansa ya ngozi. "Ni ile mafuta, na jua iko naongeza." Amekikata, sasa tunangoja kuona kama kitarudi. Naogopa, Mama, sikufichi.

Nilikwenda kwa yaya. Kila pipa lina onyo la Kifaransa. Sisi hatukisomi, yeye amesoma. Nikamuuliza kama alijua. Hakuona hata haya.

"Nilijua. Kama ningesema, nani angebakia ku kazi?"

Tumenyonya titi moja, Mama! Maneno hayo yaliniuma kuliko kisu cha daktari. Kazi nimeiacha. Wenzangu nimewaeleza, wawili walinicheka, wangali wanajipaka.

Nisalimie shangazi aliyenilea, na dada yangu mfinyanzi. Dada naye asiiguse chupa hiyo. Ifukieni mbali na kisima. Msalimie pia katekista, na kumshukuru kwa macho yake.

Yaya atakuja huko Noeli. Usimfukuze, mpikie sombe anayoipenda, ni mtoto wako. Lakini akinawa kabla ya kula, mmiminie maji wewe mwenyewe, uitazame mikono yake vizuri. Utaona haina hata doa moja.

Mimi mwanao,
Kyanga