Guys Watatu na Nduku

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Bale la jinzi za mtumba limenimaliza mgongo. Nusu ni za watu wanene mno. Nitazipeleka zipunguzwe. Vidole vinanuka dawa ya mende hata baada ya kunawa.

Mchana Mutua alikuja kibandani, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Yeye ni seremala, karakana yake iko nyuma ya safu yetu ya vibanda hapa soko la Gikomba. Otieno na Kimani wakafuata. Hao ndio watu wangu. Tumekua pamoja Shauri Moyo, na chumba cha kina Mutua na chetu vinatenganishwa na ukuta mmoja. Akikohoa nasikia.

Mutua anaoa! Wanjiru wa mtaa wa Tena, yule anayesomea uchapaji. Mwisho wa mwezi. Akasema, "Guys, Jumamosi sote kwa fundi, tukapimwe suti. Mtasimama na mimi kanisani."

Sote. Nilimkumbatia mpaka akalalamika mbavu. Sijafurahi hivi siku nyingi.

Jumamosi, 10 Agosti

Fundi alimpima Mutua. Akampima Otieno. Akampima Kimani, akamwambia apunguze ugali. Mimi nikanyoosha mikono.

Fundi akaning'iniza tepu shingoni mwake.

Akamtazama Mutua. Mutua akamtazama Kimani. Kimani akatazama cherehani. Otieno, ambaye mdomo wake hauna breki, akacheka: "Lakini maze Nduku, si Mutua alikuwa anaongea na maboyi?"

Nikasema nilikuja kuwasindikiza tu. Uongo mtupu. Nilikuwa nimeoga mara mbili.

Jumapili, 11 Agosti

Kanisani sikuimba. Nina hasira.

Mama anadhani nampenda Mutua. Simpendi hivyo. Tumepigana, tumeugua tetekuwanga kitanda kimoja. Alipofiwa na babake nilikaa naye pale nje hadi wageni wakaisha. Otieno na Kimani walikuwepo pia. Siku hiyo hakuna aliyeniambia nimekuja kusindikiza.

Jumanne, 13 Agosti

Leo nimefanya utafiti.

Nilipanda juu ya bale nikaita kwa sauti: "Guys!" Wanaume wa safu nzima wakageuka. Wanawake wakaendelea na shughuli zao. Mama Kavutha wa chai peke yake ndiye aliyegeuka, lakini Mama Kavutha hugeukia hata paka.

Nikangoja kidogo. "Wasee!" Yale yale. "Vijana!" Yale yale tena, na yule msichana muuza viatu hakugeuka, ilhali shule ndiyo kwanza amemaliza. Kama yeye si kijana, kijana ni nani?

Watu walikuwa wananingoja niseme neno. Nikaona haya, nikatangaza jinzi bei ya kutupa. Hapo waligeuka wote, wake kwa waume.

Jumamosi, 17 Agosti

Siku ya mahari, Tena, nyumbani kwa kina Wanjiru. Niliapa siendi. Mamake Mutua aliniomba, nikaenda.

Tulifika lango limefungwa, ndiyo desturi yao. Mama zetu wakaimba kuomba kufunguliwa, wa ndani wakajibu kwa wimbo kwamba hawatujui. Wakaimbiana hivyo mpaka jasho. Utamu wake! Mimi na Otieno tulikuwa tumebeba kreti la soda, yeye huku mimi huku.

Lango likafunguliwa. Mutua akasema, "Guys, ingieni." Nikaingia.

Shangazi yake Wanjiru akanipokonya upande wangu wa kreti, akampa mwanamume aliyekuwa karibu. Akavua leso begani kwake, akanifunga kiunoni juu ya jinzi na kukaza fundo. Kwa upendo, lazima niseme. "Karibu, mama. Jikoni ni huku."

Nikamenya viazi. Wanaume wakakaa sebuleni. Nikamsikia Mutua akiwapigia wakwe hadithi ya lori la Otieno lilipokwama kwenye tope kule Machakos. "Hapo tulikuwa guys watatu na Nduku." Wakacheka sana.

Guys watatu na Nduku! Na mimi ndiye niliyesukuma kuliko wote, Kimani akilinda viatu vyake! Nikajikata kidole.

Wanjiru aliniletea kitambaa cha kufunga kidonda, nikamwambia yote. Ni msichana mzuri, siwezi kumchukia. Akasema nisijali, chuoni kwao ni wasichana watupu na mwalimu huwaita guys kutwa. Neno tu hilo. Nikamwambia ni kwa sababu hakuna wavulana humo. Waingie watatu ndipo utajua kama bado anakuita wewe. Akafikiri. Akanifunga kidole.

Jumatatu, 19 Agosti

Mutua ameleta mandazi. Sikula.

Nimekula baadaye, yamepoa.

Alhamisi, 22 Agosti

Mutua alibisha ukuta. Toka utotoni ni hivyo, ukuta ukibishwa maana yake njoo nje. Nikajifunika blanketi. Akabisha tena. Mama akasema kama siendi ataenda yeye.

Tulikaa mlangoni. Nikamuuliza bila kuzunguka: ukisema guys, mimi nisimame au nikae?

Akasema hajawahi kulifikiria. Kisha: "Nduku, wewe si guy. Wewe ni Nduku."

Alisema kwa moyo safi. Karibu nilie, maana lilikuwa jambo tamu na halikunitosha. Nduku ni mmoja. Nduku ndiye anayepelekwa jikoni peke yake.

Nikamwambia harusini nitakuja, ila nitakaa na Mama. Akasema sawa. Aliisema upesi mno hiyo sawa. Nimemchukia kidogo, nikaja kulala.

Jumamosi, 31 Agosti

Nimechoka lakini lazima niandike.

Nilivaa koti la kijivu nililolipata kwenye bale. Mama aliuliza mbona linafanana na suti za kina Mutua. Nikasema ni bahati tu.

Kanisani nilikaa na Mama kama nilivyosema. Mutua tuliyeugua naye tetekuwanga kitanda kimoja, leo yuko mbele pale ananyoosha kidole apewe pete. Nilitaka niwe karibu nimfinye atulie.

Baadaye, uwanjani, shangazi yake Wanjiru alinikuta sina kazi. Leso tena kiunoni, trei ya soda mkononi. Mpiga picha akaita: "Bwana harusi na guys wake! Guys pekee, wengine mpishe!" Nikarudi nyuma na trei yangu nisiharibu picha.

Otieno na Kimani wakajipanga, wameng'aa kweli. Mutua akatoka kwenye mstari.

Mpiga picha akamwambia arudi, jua linakwenda.

"Bado hatujatimia," Mutua akasema.

"Si nimeita guys?"

"Ndio hao nawangoja. Nduku! Kuja!"

Mbele ya watu wa Tena na Shauri Moyo wote! Nikatikisa kichwa. Mikono imejaa, nitaendaje? Wanjiru akanipokonya trei, na lile gauni lake jeupe, soda zikacheza. Otieno na Kimani wakaachana, wakaacha nafasi katikati. Otieno hakusema kitu, na kwa Otieno huo ni muujiza.

Kisha nikamwona shangazi anakuja mbio. Nikajua basi, narudishwa jikoni.

Akashika fundo la leso akalifungua.

"Toa hii," akasema. "Utaharibia wenzako picha."

Nimelia kama mjinga. Nawapenda hao watu, na huyo mama pia.

Alhamisi, 12 Septemba

Picha imefika. Humo nimefumba macho. Mama ameiweka kabatini juu ya kitambaa chake alichokifuma, mbele ya vikombe vya wageni.

Mutua na Wanjiru wamehamia mtaa wa Umoja. Ukuta uko kimya. Jana nilibisha, mazoea tu. Mamake Mutua akabisha kutoka upande wa pili. Nikaenda tukanywa chai.

Leo mkokoteni ulikwama kwenye tope pale mwisho wa safu yetu, umejaa mabale. Mwenyewe akapiga kelele, "Guys, saidieni!" Niligeuka kabla sijafikiri. Nikaweka jinzi chini, nikaenda nikasukuma na wengine mpaka ukatoka.

Nina tope hadi magotini. Mama amekataa kunipa sabuni yake.