Maji Uliyompa Selemani

Mama, shikamoo.

Tangu tukuzike masika yaliyopita, mengi yamebadilika. Nyumba ya Mbagala sasa anakaa Shangazi na wanawe, nami nipo Mwananyamala, nasomea uuguzi. Sukari bado ni ya foleni kwenye duka la ushirika, na foleni bado ina wababe wake. Lakini sikuandikii hayo. Nina habari ya mdogo wangu, Selemani.

Nilikuwa na miaka saba alipoanza kuharisha. Shangazi akapiga marufuku maji mpaka tumbo lifunge, ndivyo walivyolea watoto wote kwao. Wewe ukawa unamnywesha kwa kijiko nyuma ya jiko, kwa siri. Alipofariki, mimi ndiye niliyekusemea. Mimi, Mama. Nikamwambia Shangazi nilikuona ukimpa maji. Miaka yote ukabeba neno la Shangazi: "Umemuua kwa maji yako." Hukujitetea hata siku moja, wala hukunigombeza.

Juzi darasani mwalimu alichora ukuta wa utumbo. Ungempenda, wewe na maswali yako. Ukuta ule umejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kimezungukwa na utando wa mafuta. Chumvi haipenyi mafuta, sukari nayo haipenyi. Basi zinapitaje? Nikanyoosha mkono mara tatu mpaka mwalimu akasema, "We Zainabu, utanimalizia chaki!" Kumbe kwenye utando mna protini, zimekaa kama mabawabu, kila moja ina wageni wake. Bawabu mmoja alinishangaza mpaka nikasahau kuandika: hapitishi sukari bila chumvi. Lazima zije pamoja. Zikishaingia, maji huzifuata. Na bawabu huyo haachi kazi hata mtoto aharishe namna gani. Nani kamfundisha? Bado nauliza.

Jumamosi nilipowatembelea Mbagala, mjukuu wa Shangazi akaanza kuharisha, macho yakazama. Nikachemsha maji, nikayapooza, nikatia sukari na chumvi kwa vipimo vya darasani, nikaanza kumnywesha. Shangazi akafoka, "Na wewe unataka kuua kama mama yako?" Sikuacha, nikamtilia kijiko kingine. Alasiri mtoto akamkojolea Shangazi kanga nzima. Maji yalikuwa yamerudi mwilini; sijawahi kufurahia mkojo hivyo! Shangazi akaniangalia, akauliza polepole, "Kumbe maji?" Nikamweleza yote, na mbele ya wanawe nikakiri kwamba mimi ndiye niliyekusemea kwake. Alilia. Nami nililia.

Pumzika, Mama. Naahidi kila mzazi atakayeniletea mtoto anayeharisha nitamfundisha kuchanganya, wala sitamcheka kwa alichokuwa hajui. Unisamehe mdomo wangu wa utotoni. Maji yako hayakumuua Selemani. Yalikosa sukari na chumvi tu, na katika nyumba nzima ile, wewe peke yako ndiye uliyejaribu kumwokoa.

Mwanao,
Zainabu