Kile Chumba Kitupu

Dada yangu,

Huku tunasukuma siku. Cherehani imepona, na paka wa jirani amezaa kwenye kapu langu la vitambaa.

Shemeji yako alikuwa hanisemeshi tangu tumzike mtoto. Akitoka karakana anakula, anageukia ukuta. Nilipoishiwa maarifa nikanunua mchezo wa mezani: nyumba inaungua, wachezaji wanasaidiana kuokoa watu, wanashinda wote au wanashindwa wote. Unamjua, bingwa wa drafti. Akanuna: "Mchezo usio na wa kumfunga ni mchezo gani?" Nikamsihi mpaka akakaa.

Alianza kwa kukimbilia mlangoni, kete yangu kaiacha kwenye moshi.

"Nikiungua mimi, na wewe umefungwa," nikamwambia.

Akarudisha kete yake ndani, lakini akaipeleka chumba cha nyuma.

"Huko hakuna mtu."

"Yupo. Amelala."

Sasa kila jioni yeye ndiye anayetandika mchezo. Anaingia chumba kile hatoki, nami siwezi kumwacha, basi tunaungua wote. Njoo, dada, hata kesho. Meza ina nafasi ya mtu wa tatu.

Mdogo wako