Kichupa Alichoamuru Hakimu

Al-Sulay, Riyadh,
Ijumaa, 14 Novemba 2025.

Mpendwa Emmaculate, binti wa shangazi yangu,

Hujambo dada? Kifua kimepoa? Madam wako hapo Al-Hamra amepunguza kelele? Mimi mzima, na sura bado ni ile ile ya kusumbua watu. Usicheke kuona barua ya mkono, simu yangu iko kwa polisi. Onesmus, dereva mwenzangu anayeleta vigae huko Jeddah, ataiacha kwa mlinzi wenu.

Jumanne asubuhi nilikuwa narudisha lori nyuma langoni mwa godauni. Unanijua, lori mimi nalipaki hata ndani ya kiatu. Lakini siku hiyo macho yalikuwa mazito, kichwa kama kimejazwa pamba. Nikasikia kishindo, halafu mtu akilia. Ni Mpakistani mmoja, mpakuaji mizigo. Amevunjika mguu. Kile kilio bado nakisikia nikila. Nimempelekea juisi na tende hospitalini na amezipokea, Mungu ambariki.

Polisi walinipima pumzi, wakakosa pombe. Askari akanipa kichupa nikojoe. Hapo ujuaji ukaniponza. Nilidhani ni kama kwetu, ukimzungusha askari sana anachoka anakuachilia. Nikamwambia, "Bosi, mkojo mafi, hakuna. Tangi imekauka." Wenzangu waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliandika kwamba nimekataa.

Kesho yake nikasimamishwa mbele ya hakimu, na mkalimani kando. Hakimu hata hakupaza sauti. Aliamuru nitolewe damu na mkojo, vipimwe kama nilitumia kitu cha kulevya. Emma, waliponifunga ule mpira mkononi, nilifumba macho mpaka daktari akanishika bega. Mimi huyu, niliyepeleka mizigo Juba risasi zikilia! Kafili, mwajiri wangu, amenidhamini nikae kambini kwetu, lakini ikama, kile kibali cha kuishi hapa, wameishika. Majibu ni Jumapili.

Sasa hapa soma ukiwa peke yako. Asubuhi ile nilikuwa nimemeza vile vidonge vya mgongo ulivyonitumia, ulivyotoka navyo nyumbani. Uliandika kimoja, nikameza vitatu, eti mwili wangu ni mkubwa. Nimemuuliza mtu wa duka la dawa kama namuulizia rafiki. Amesema vingine vya aina hiyo vina kasumba ndani, yaani afyuni, na hapa huwezi kuwa navyo bila karatasi ya daktari. Wewe hukujua. Mimi sikujua. Hata shangazi aliyekununulia hakujua.

Vilivyobaki mwaga chooni leo, uvute maji mara mbili. Barua hii pia ichane. Usimwambie mtu, hata yule Celestine mnayelala naye chumba kimoja.

Mkalimani, niliyemweleza habari ya vidonge, ananiambia nikimtaja aliyenipa, huenda hakimu akanihurumia. Nimemwambia nilikuja navyo mwenyewe. Pasipoti itaonyesha ni miaka miwili sijatoka nchi hii, na nani huweka dawa miaka miwili? Hilo ndilo linanikosesha usingizi. Lakini nikishasema, halas, basi, sirudi nyuma.

Ukiongea na shangazi Eucabeth, mwambie namsalimu sana na kwamba nimenenepa. Salamu kwa Lorine na watoto huko nyumbani. Mungu akufunike wewe na hiyo nyumba unayoitunza.

Jumapili saa nne watanisomea majibu. Ukiwa unapiga pasi saa hiyo, niombee, lakini usitaje jina langu kwa sauti.

Ndugu yako akupendaye kwa moyo wote,
Jackton