Mama, Tulishushe Jiko

Muskati

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Nauliza macho kwanza, kifua baadaye, maana ukiulizwa vyote kwa pamoja unajibu "mzima tu" na kugeuza maneno. Mimi sijambo. Joto la huku linatutoa jasho hata tukiwa tumekaa, lakini mafundi ujenzi tunaowapikia wanakula wali wangu na kuomba nyongeza.

Barua hii anakuletea Ghati, mwenzangu wa kazini anayerudi kwao Butiama. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kuna mchoro ndani, na simu yako ile iliyopasuka kioo haitauonyesha vizuri.

Sauti uliyonitumia nimeisikia. "Nyangeta, hili jiko lako la kusimama kama askari wa zamu, ugali wa udaga wa muhogo unasongwagaje hapo?" Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaona aibu. Nawaona akina mama wa jumuiya wamekuja kusali, wewe umesimama mbele ya jiko la kiunoni, mwiko unazunguka na sufuria inazunguka nao, mwishowe wageni wanapewa madonge! Nilichora jiko kama la hapa kazini, ambako hakuna anayekaa. Nikasahau kwamba nyumbani sufuria huipuliwa ikawekwa chini, mpishi akakaa kwenye kigoda, akaibana kwa nyayo zenye kandambili, ndipo akausonga kwa nguvu za mgongo mzima. Mimi niliyefundishwa hivyo na wewe mwenyewe!

Sasa umerudi kusongea kwenye kile kijumba cha zamani chenye moshi, na macho yameanza tena. Kaka Masatu amepata sababu. Amenipigia kutoka kwake Kitaji: "Si nilikwambia? Jiko lenu limeshindikana. Mwisho wa mwezi naenda Kibara namchukua Mama. Huku Musoma tunapikiaga gesi."

Kaka anakupenda, simlaumu. Lakini nakujua, Mama. Ukikaa ndani ya uzio pale Kitaji, bila shamba lako la mihogo, bila mtu wa kupita na visamaki vya furu akakugawia, utanyauka. Na mimi nikija likizo nitafikia wapi? Nataka nikukute Kibara. Jiko halitatuhamisha.

Kwa hiyo hatubomoi kitu. Fundi Bwire alijenga vizuri: ule ukuta mfupi wa upande wa mwalo, ziwani, unazuia upepo wa mchana, dohani inatoa moshi juu ya bati, na upande wa shambani uko wazi. Wiki ile ulipopikia pale mboga na chai ulisema macho hayawashi. Jiko la juu libaki kwa kazi hiyo, na kwa kukaanga sato. Pembeni yake Bwire ajenge jingine la chini, la kuketi, moshi wake uingie kwenye dohani ileile. Mbele yake amwage saruji, aache kishimo kifupi cha kuikalisha sufuria yako kubwa isizunguke. Ukiipua, unaisogeza tu, huna haja ya kuinuka nayo.

Kisha kuna jambo ambalo sikulichora, kwa sababu siwezi. Saruji ikiwa bado mbichi, kaa kwenye kigoda chako, vaa kandambili, weka sufuria kwenye kishimo, ukanyage kama unavyokanyagaga ukisonga. Ikikauka, nyayo zako zitakuwa na mahali pa kushika siku zote. Asikanyage mtu mwingine kwa niaba yako. Vipimo vya kukisia tumeshaona vilikotufikisha.

Msalimie mama mdogo anayeuza dagaa Kisorya, mwambie nina hamu ya kelele zake. Msalimie shemeji, mke wa kaka, asidhani nakukataza kuwa mgeni wake. Na mwenyekiti wa jumuiya mwambie nimesikia alicheka madonge kuliko wote, kwa hiyo yeye ndiye atakayealikwa kwanza kwenye ugali wa jiko jipya.

Kaka akija na gari, usibishane naye. Mkaribishe, msongee ugali, ale ashibe. Halafu mwonyeshe nyayo zako kwenye saruji, umwulize atazibebaje.

Ni mimi mwanao, ninayekukumbuka kila nikishika mwiko,

Nyangeta