Usimkate Mshahara kwa Bakuli Lile

Kifungua mimba wangu mpendwa,

Hatujambo, ila goti langu bado linanisumbua na bomba la jikoni limeanza tena kuvuja. Nimepata ujumbe wako kwamba umemkata mshahara dada anayetusafishia nyumba, kwa sababu ya bakuli la kioo ulilomnunulia mama yako. Niruhusu nikueleze.

Mtu akivunja kwa uzembe, ni halali kumdai. Akivunja kwa bahati mbaya akiwa kazini, hasara ni ya mwenye nyumba. Hili letu ni jambo jingine kabisa.

Dada alikuwa analifuta bakuli vumbi. Mama yako akaingia, akapiga kelele, "We mwizi! Weka chini bakuli la mwanangu!"

"Mama, ni mimi jamani," dada akasema huku akicheka, akidhani anataniwa kama zamani. Mama yako akalivuta kwa nguvu, likaanguka.

Nilipotaka kukueleza, dada alinisihi. "Baba, mwambie niliteleza tu. Akijua mama amefikia hapa, hatapata usingizi huko aliko."

Nami nikakuambia hivyo. Sasa umejua ukweli. Hasara hii ni yetu wa nyumbani, kwa hiyo mrudishie mshahara wake wote, kisha uombe ruhusa kazini uje. Mama yako hajaacha kukutaja. Jana alimwita dada kwa jina lako, aje asukwe nywele. Dada akaitika, akaketi miguuni pake.

Ni mimi baba yako, ninayekungoja.