Kwa Nini Nimechagua Miaka Tatu

Namur, Ubelgiji

Mama yangu mupenzi,

Jambo kwako na kwa wote hapo Kindu, mutaa wetu wa Mikelenge. Magoti yako yanasema nini siku hizi? Na homa ya dada yangu mukubwa, Yaya Kabedi, ilikwisha? Mimi mwili ni muzima, ninakula, ninalala. Ukiniuliza juu ya roho, sina habari yake. Nitakuambia ikirudi.

Barua ya Baba Mudogo ilinifikia wakati mulikuwa mumekwisha kumuzika Papa na kumaliza matanga. Niliisoma nikiwa nimesimama ku ngazi, halafu nikaenda darasani, juu ilikuwa saa ya darasa. Sikulia. Niliporudi nikaondoa matela ku kitanda, nikaisimamisha ku ukuta, nikalala chini, sawa vile ninyi mulilala chini kule nyumbani ku matanga. Musichana Mubelgiji tunayekaa naye chumba kimoja alifikiri mugongo unaniuma, akaniletea pomadi. Nikaipaka tu, Mama. Ningemueleza kitu gani?

Sasa mambo ya shule. Mwaka huu wa kujitayarisha unaisha, na lazima nichague pa kujifunza kazi ya kuuguza. Shule ni mbili. Ya masera, wale watawa wa kanisa, ni miaka mbili, unajifunza kuhudumia wagonjwa, halafu unarudi kwenu. Njo ile Baba Mudogo anataka, na ameniandikia kwamba hospitali ya reli imekubali kunipa kazi nikirudi. Ingine ni shule kubwa, miaka tatu, na ukimaliza unaweza kufundisha wengine. Ile njo Papa alitaka. Wewe unajua vile alikuwa anawasumbua wenzake wa depo ya treni, kwamba binti yake atakuja kufundisha hata masera wenyewe.

Nilienda kwanza kwa masera. Waliangalia karatasi zangu, wakaniuliza kama ninaogopa damu, wakanikubali palepale. Waliuliza na jina la ubatizo. Nikasema kwetu hatuliandiki tena, serikali imeyakataza majina hayo. Masera mukubwa akaniangalia kwa huruma, kama muntu aliyepoteza sanduku lake ku treni.

Ku shule kubwa nilipokelewa na direktrisi mwenyewe, mukubwa wa shule, mama wa nywele nyeupe. Akaniuliza kwa nini ninataka kuuguza wagonjwa. Nikajibu na adabu, sawa vile ulinilea: "Ni Papa aliyesema." Kwetu jibu hilo linatosha kabisa, wazee wangesema huyu mutoto ana wazazi. Yeye akaweka kalamu chini.

"Na wewe mwenyewe?"

Nikaangalia kalamu ile ku meza.

"Baba yako angekasirika ukichagua kazi ingine?"

Nikasema: "Amekufa." Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka mu kinywa changu, tena kwa Kifaransa, na nikaona halina uzito wowote. Akanishika mukono. Akasema pole sana, binti yangu, basi sasa uko huru kuchagua.

Alisema kwa wema, simulaumu. Lakini huru gani hiyo, Mama? Muntu wa kwetu angeniuliza, sasa nani atakusemea. Nilitaka nikasirike, hasira ikakataa kuja. Akanipa mpaka siku ya Ijumaa nirudi na jibu langu mwenyewe.

Ijumaa nikarudi. Nikamuambia ninataka kufundisha wasichana wa Maniema, wale wa Pangi na Kampene, kule mama mwenye mimba anabebwa na wanaume ku kipoyi, kile kitanda cha miti, mpaka afike kwa munganga wa hospitali. Alifurahi sana, akaandika yote. Basi nitaingia kwake mwezi wa tisa. Miaka tatu.

Ninajua maana yake kwako. Ni mwaka moja zaidi wa kupanda kutoka mutoni na ndoo, na magoti hayo. Baba Mudogo atasema nimekuwa muzungu. Umuambie tu nimefuata neno la mukubwa wake, hatapata la kujibu.

Unisalimie Yaya Kabedi na bwana yake. Unisalimie Shangazi anayeuza mikate sokoni, asichoke kupita kukuangalia. Na yule muzee jirani aliyeendesha treni pamoja na Papa, nimesoma kwamba alibeba sanduku upande wa mbele mpaka makaburini. Umupe mukono wangu, umushike kwa mikono yote mbili.

Nilitaka kufunga barua hapa. Lakini wewe siwezi kukufanya kama wengine. Direktrisi nimemupa jibu zuri, Baba Mudogo nimemupa jibu zuri, na yote mawili si uongo. Ila neno lenyewe si hayo.

Hapa Papa hajawahi kukaa. Hapa hakuna kiti chake, hakuna kofia yake ya kazi ku musumari, hakuna saa ya kumungojea kwa chakula. Nikiwa hapa ninaweza kusema Papa iko ku kazi, na hakuna muntu wa kunikatalia. Nikienda kwa masera, miaka mbili tu na ninashuka ku gare ya treni ya Kindu, ninaangalia watu wote waliokuja kupokea wageni, na yeye haiko.

Njo maana nimechagua tatu.

Binti yako,
Ngalula